Sauti Iliyofika Kilakala

Kila Jumatano, akishaosha vyombo na kumeza ugali harakaharaka, Mwaisha alikimbilia chumba cha kompyuta cha shule yao, Mazimbu. Mwaka huo wa 2004 mtandao wa shule yao ulikuwa umeunganishwa na wa shule moja ya Kilakala. Somo lilirushwa mara moja tu, likasikika kote kuwili. Huko Kilakala ndiko alikosoma Rahel, rafiki yake ambaye familia zao zilipanga nyumba moja.

Siku hiyo Mwalimu Winfrida alichelewa. Mwaisha, ambaye habari haikulala tumboni mwake, akawasha kipaza sauti.

"Stambuli, vaa visikilizio! Nina habari ya moto."

"Kilakala je?" aliuliza Stambuli, mwanafunzi mwenzake.

"Watajuaje kama tunarusha? Nani kawaambia? Sikia: baba yake Rahel kila asubuhi anavaa ovaroli, anaaga. Kazi ipi? Kiwanda kimeuzwa, kapunguzwa kitambo!"

Walicheka mpaka mwalimu akaingia. Hapohapo simu yake ikalia. Akaipokea, na uso ukambadilika. "Darasa zima huko Kilakala limesikia? Rahel analia?"

Akawageukia. "Nani alishika kipaza sauti? Stambuli, wewe tena?"

Stambuli akainamisha kichwa, hakumtaja mtu. Mwaisha akasimama. Rahel alikuwa amemwambia siri ile huku wakichambua mchicha, akamsihi asimwambie hata mama yake.

"Ni mimi, mwalimu. Lakini Kilakala sikuwaambia!"

"Hukuhitaji kuwaambia. Kila mtandao una kompyuta yake ya makutano. Ukianza tu kurusha, yetu huiarifu ile ya Kilakala: huku kuna msemaji wa kundi la somo. Kwa kuwa kule wasikilizaji wa kundi hilo wapo, mtandao wao huagiza sauti iletwe. Mashine imefanya kazi yake. Wewe je?"

Mwaisha akakizima kipaza sauti.

Jioni alimkuta Rahel bombani, macho mekundu.

"Rahel, nisamehe."

"Uliniapia, Mwaisha."

"Niliapa. Nikavunja."

Alipoinua macho, baba yake Rahel alikuwa mlangoni, amevaa ovaroli yake. Mwaisha akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Nimekuaibisha."

"Marahaba." Akaitazama ovaroli yake. "Nami nilikuwa nawadanganya majirani, mwanangu. Kesho siivai hii. Nitakwenda sokoni kupakua kabichi za milima ya Uluguru, na anayetaka kuniona anione. Lakini hilo lilikuwa langu kulisema. Rahel alikuamini wewe, si Kilakala nzima. Siri ya mwenzio ukishaitoa mdomoni, huchagui tena iishie kwa nani. Kabla ya kufungua mdomo, jiulize: habari hii ni yangu?"

"Sitarudia, baba."

Rahel alimtazama, hakutabasamu. Kisha akasogeza ndoo iliyojaa.

"Shika upande huo," alisema. "Na usiseme kitu."

Mwaisha akashika. Wakaibeba mpaka ndani, kimya.