Sauti Iliyotangulia Mdomo

Msiniulize kama naamini mambo haya. Nilikuwepo, na mwimbaji alikuwa mke wangu.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, tulikuwa chumbani kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi redio ambaye akishika waya wowote anajiona injinia. Alikuwa ameegemeza magodoro ukutani na kuziba dirisha kwa mablanketi. Joto lilitukaba. Jumatatu mke wangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa koo, na daktari hakumficha kwamba sauti huenda isirudi. Alitaka kuacha wimbo wake mmoja tu, aimbe sauti zote tatu mwenyewe, moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ilikwenda vizuri. Kwenye ya pili usumbufu ukaanza: kila alichoimba kilimrudia kwenye hedifoni kikiwa kimechelewa kidogo, akawa anajikwaa.

“Kaka, kama kuna mtu ananiigiza nyuma yangu.”

“Ni kompyuta, dada. Inakutafuna kwanza ndiyo ikuteme,” shemeji alijibu, tukacheka.

Akaiamuru kompyuta ifidie ule ucheleweshaji. Kisha, kwa ujuaji wake, akaisogeza sauti tena kwa mkono ili iwahi zaidi. Sauti ya pili ikaisha. Kwenye ya tatu, mke wangu aliimba mstari mmoja, akanyamaza.

“Sasa inanitangulia.”

“Kosa langu, nimefidia mara mbili.” Akaondoa fidia zote mbili. “Haya, imba.”

Aliimba kidogo, akanigeukia. “Bado,” alinong’ona. “Inaimba ambacho sijaimba.”

Nilichukua hedifoni nikaweka sikioni. Mke wangu alikuwa amefumba mdomo, nami nikamsikia akiimba ubeti wa tatu. Nikahesabu hadi nne. Mdomo wake ukafunguka, akaimba ubeti uleule, na mkwaruzo uleule katikati.

Niliogopa. Sioni haya kusema.

“Zima, shemeji.”

“Nimeshazima.” Waya wa maikrofoni ulikuwa mkononi mwake, umechomolewa.

Kwenye hedifoni mke wangu alikohoa. Akaita jina langu, likakatika nusu. Kimya.

Moja. Mbili. Tatu. Nilimrukia nikamziba mdomo. Kikohozi kikagonga kiganja changu. Kikafuata nusu ya jina langu.

Hakusema tena. Jumatatu daktari alimtazama koo, akaita wenzake wawili, nao wakatazama. Uvimbe haukuwepo. Hakukuwa na cha kupasua, na sauti haikurudi.

Shemeji alitupa vifaa vyake vyote, ila wimbo nilikuwa nimeshaunakili. Ile sauti ya tatu ilikatika kwenye dakika ya tatu. Baada ya mwezi ilikuwa na dakika kumi. Baada ya miezi mitano, arobaini. Mke wangu anaimba humo beti ambazo hakuna aliyezitunga. Na kila nilipousikiliza, popote alipokuwa ndani ya nyumba, baada ya sekunde nne midomo yake ilifuata, kimyakimya.

Juzi niliusikiliza hadi mwisho. Sauti ilivuta pumzi ndefu, haikuitoa.

Niliinua macho. Alikuwa jikoni, sahani mkononi, ananitazama. Nilikimbia. Nilikuwa sijafika mlangoni alipovuta pumzi.

Tumemzika jana. Leo asubuhi nimefungua ule wimbo nikitaka kuufuta. Umeongezeka dakika mbili.