Kopo Lililorudi Tupu

Kila asubuhi, kabla jua halijafika dirishani, Afande alikuwa ameshasimama jikoni akimfungashia mdogo wake chakula cha mchana. Mama yao alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, na gari la wafanyakazi lilimpitia kukiwa bado giza. Kwa hiyo kazi hiyo alikabidhiwa Afande, mwanafunzi wa darasa la sita, naye aliipokea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jina la Afande alipewa na mjomba wake, siku alipomhoji mpaka mjomba mtu mzima akakiri kuwa ndiye aliyemaliza maziwa. Msichana huyo hakuamini kitu kirahisi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Mdogo wake wa darasa la kwanza aliitwa Kibogoyo tangu meno yake ya mbele yalipong'oka, ya juu na ya chini. Alipocheka, ungedhani mtu amesahau kufunga mlango.

Afande hakupakia chakula ovyo. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewafundisha kuhusu vyakula vinavyojenga mwili na vinavyoulinda, na somo lile alilishika kwa mikono miwili. Soda hapana, peremende hapana. Kwenye kopo lenye mfuniko wa bluu aliweka karoti mbichi nzima, tufaha, karanga za kukaanga, na mkate alioukausha jikoni mpaka ukawa mkavu kau. Yeye mwenyewe alipenda sana vitu vya kutafuna.

"Umalize vyote," alimwambia mdogo wake akimvalisha mkoba. "Kopo likirudi na chakula, safari ya Ijumaa utasimuliwa na wenzako."

"Nitamaliza, Dada," alijibu Kibogoyo, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

Safari hiyo ndiyo iliyokuwa gumzo la shule. Darasa la kwanza wangetembelea bustani ya miche iliyo ng'ambo ya daraja, wangekula chakula chao cha mchana kwenye nyasi, na wakubwa wa darasa la sita wangewashika mikono njiani. Kibogoyo alikuwa akiiota usiku na kuisimulia asubuhi.

Kopo lilirudi tupu kila siku. Mwanzoni Afande alijipongeza. Kisha akaanza kuona mambo. Kwanza, mtoto aliyemaliza chakula chote alifika nyumbani akakimbilia sufuria la wali wa jana, akaukomba mpaka ukoko ndio uliobaki. Pili, kopo lenyewe lilikuwa safi kupita kiasi.

"Tufaha umelila na mbegu zake?" Afande aliuliza akinusa kila kona ya kopo.

"Ndiyo."

"Na kikonyo?"

"Nacho."

Afande akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni. Kwenye kola ya shati aliona chenga za mkate na punje za sukari zinazometameta. Yeye hakuwa amepakia kitu chochote chenye sukari.

"Hii sukari imetoka wapi?"

"Sijui."

"Nani anakula chakula chako?"

"Mimi, Dada. Mimi mwenyewe." Akaanza kulia, na Afande akajua hapo pana jambo.

Kesho yake mambo yakazidi kuwa mazito. Mwalimu wa darasa la kwanza alimsimamisha Afande getini.

"Huyu mdogo wako mnampa chakula kweli? Kila siku mchana analala juu ya dawati. Mtoto anayesinzia siwezi kumvusha barabarani. Akiendelea hivi, Ijumaa itabidi abaki."

"Nampa, Mwalimu! Na anamaliza!"

Mwalimu alikunja uso kidogo, na Afande aliona kabisa kwamba hakuaminiwa. Yeye, wa kutoaminiwa! Ilimuuma njia nzima hadi darasani.

Jioni alimweleza mama yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto baada ya kukanyaga cherehani kutwa nzima.

"Mama, kuna mtu anamlia Kibogoyo chakula chake."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemhoji, Mama. Hasemi."

"Sikusema kumhoji, mwanangu. Nimesema kumuuliza."

Afande aliona ni yaleyale. Akili yake ilikuwa imeshafika mbali. Wakati wa mapumziko siku hiyo alikuwa amechungulia uwanja wa wadogo, akamwona binti wa mwokaji mikate, anayesoma darasa moja na Kibogoyo, msichana mcheshi mwenye mashavu ya duara, midomo imemwiva rangi ya karoti. Na nyumbani kwa mwokaji ni nani asiyejua kuwa kuna maandazi laini yaliyonyunyiziwa sukari? Sasa kila kitu kilipangika. Yule msichana alikuwa akimpora Kibogoyo chakula, kisha anamziba mdomo kwa kipande cha andazi ili asiseme.

Angeweza kumwambia mwalimu. Lakini Afande alitaka kumkamata mwizi wake na ngozi mkononi.

Ijumaa asubuhi alichonga alama ndogo ya msalaba kwenye kichwa cha karoti. Kisha akamsihi Mwalimu hadi akakubali Kibogoyo aende, kwa sharti kwamba dada yake asimwachie mkono njia nzima. Walivuka daraja wameshikana mikono, Kibogoyo akirukaruka upande mmoja, Afande upande wa pili akimkodolea macho binti wa mwokaji, ambaye alikuwa akiimba bila wasiwasi wowote. Wezi wengine hawana haya, Afande aliwaza.

Muda wa kula ulipofika, watoto walikaa kwenye nyasi katikati ya matuta ya miche. Afande alijidai anakwenda kunawa, akazunguka, akachuchumaa nyuma ya safu ya miche mirefu. Aliona kopo la bluu likifunguliwa. Aliona mkono wa binti wa mwokaji ukinyooka. Halafu akasikia karoti ikivunjika kati ya meno, kwachu!

"Mwizi!" Afande aliruka kutoka mafichoni. "Nimekukamata! Karoti hiyo ina alama yangu!"

"Mwizi! Mwizi!" watoto wakadakia, maana watoto wakisikia neno hilo huwa hawasubiri ushahidi.

Binti wa mwokaji alibaki na karoti mdomoni, hawezi kuitema wala kuimeza. Machozi yakaanza kumtiririka. Aliyekuwa amekaa karibu naye akasogeza kopo lake mbali.

"Hajaiba!" Kibogoyo alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. "Nimempa mimi! Kila siku nampa mimi!"

Mwalimu alikuwa ameshafika.

"Umempa kwa nini?" Afande aliuliza.

Kibogoyo akafungua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu, na jino la pembeni lilikuwa linaning'inia.

"Siwezi kuuma, Dada. Karoti inaniumiza. Tufaha linateleza. Karanga zinaingia kwenye mashimo. Yeye ananipa nusu ya andazi lake, ni laini."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema kopo likirudi na chakula siendi safari."

Afande alihisi uso unamwaka moto. Kila siku alimwita mtoto huyu Kibogoyo, kutwa mara ngapi sijui, na kila siku alimpakia karoti nzima. Alikuwa amekagua kopo, shati, mbegu na kikonyo. Mdomo wa mdogo wake hakuukagua.

Mwalimu hakumgombeza. Alimtazama tu, kisha akamtazama binti wa mwokaji aliyekuwa amejikunyata peke yake.

"Ulimwita mwizi mbele ya wote," alisema. "Unajua la kufanya."

Afande alisimama mbele ya darasa zima la kwanza. "Si mwizi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi tuta la mwisho. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilimshuku bila kumuuliza." Akamgeukia binti wa mwokaji. "Nisamehe, mdogo wangu."

Binti wa mwokaji akafuta kamasi kwa kiganja. "Sasa karoti yangu nimalizie?"

"Malizia, ni yako."

"Kwetu asubuhi mkate, mchana mkate," msichana alieleza akitafuna. "Karoti naionea kwenu tu."

Watoto wakacheka, na aliyesogeza kopo lake akalirudisha mahali pake. Mwalimu akaazima kisu kwa mtunza bustani, akalikata tufaha vipande vyembamba kama karatasi. Akatoa na chakula chake mwenyewe, mkate laini uliopakwa parachichi, yai la kuchemsha na ndizi mbivu, akamgawia Kibogoyo. Mtoto alikula bila kuinua kichwa. Alasiri ile hakusinzia hata kidogo.

"Chakula chako kilikuwa kizuri," Mwalimu alimwambia Afande njiani. "Ila ulikipakia kwa meno yako, si kwa yake. Na karanga usimpe tena, mtoto mdogo hupaliwa nazo."

Jumatatu Afande aliketi na mdogo wake mezani, akamuuliza polepole nini anaweza kula na nini hawezi. Akapakia karoti iliyochemshwa ikalainika, mkate wenye maharage yaliyopondwa, yai lililokatwa vipande, ndizi na chupa ya maji.

Jioni mama alilifungua kopo. Ndani kulikuwa na kipande cha yai.

"Nilishiba," Kibogoyo alisema bila woga.

Mama alimgeukia Afande. "Unaona, mwanangu? Mtoto akikuogopa, atakuletea kile unachotaka kukiona. Akikuamini, atakuletea kilichopo. Kopo tupu lilikudanganya siku zote hizo, na hili lenye yai linakwambia ukweli."

Afande akakichukua kile kipande cha yai, akakila mwenyewe, bila kuuliza swali hata moja.