Njiti ya Upinde wa China

Kila asubuhi kabla ya kengele, Apolline alifagia darasa la tano pamoja na rafiki yake Camille. Mwaka ule wa 1956, wasichana wa shule yao ya Kadutu waligombania ufagio, kwa sababu juu ya meza ya mwalimu palikuwa na upinde wa China.

Mwalimu wao, Mamère Clémence, alikuwa mtawa aliyeishi China miaka mingi kabla ya kuletwa Bukavu. Upinde ulilazwa juu ya kitako cha mti kama cha bunduki. Kamba yake ilikuwa ngumu mno hata mamère aliukanyaga kwa miguu miwili ili kuivuta. Ajabu yenyewe ilikuwa kwenye kufuli ya shaba nyeusi. Ndani mlikuwa na vipande vitatu tu: jino lililoshika kamba, komeo lililozuia jino, na kifyatulio kilichozuia komeo. Njiti mbili, yaani vijiti vyembamba vya chuma vilivyopenya kwenye matundu, ziliviunganisha. Ukigusa kifyatulio kwa kidole kimoja, vyote vinaachiana na mshale unaondoka. Mamère aliwaambia kwamba mafundi wa China walibuni kufuli ya namna hiyo miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita.

Apolline ndiye aliyetekwa zaidi. Baba yake, Papa Mushagalusa, alikuwa mhunzi wa majembe, lakini kitu kama hiki Apolline hakuwahi kukiona. Jumatano moja, Camille alipokwenda kuteka maji, Apolline alishindwa kujizuia. Alizichomoa njiti, akavitazama vipande hadi akasahau kufagia. Kengele ilipolia alishtuka, na njiti moja ikatumbukia kwenye ufa wa sakafu. Alivirudisha vipande upesi, na kesho yake akatia kipande cha spoki ya baiskeli mahali pa njiti iliyopotea. Kilikuwa chembamba, kikicheza ndani ya tundu.

Jumapili baada ya misa, wazazi walijaa uwanjani kuona maajabu hayo. Mamère alivuta kamba hadi jino likaishika, akaweka mshale. Camille, aliyechaguliwa kuokota mishale, alisimama karibu kabisa na gunia la shabaha. Apolline aliona kufuli ikitikisika. Akisema, angeaibika mbele ya baba yake na watu wote. Akinyamaza, mshale ungeweza kumpata Camille.

Alitoka mstarini. "Mamère, usilenge kule," alisema. "Njiti moja haiko ya upinde huu. Ni miye nilifungua kufuli, nikaipoteza, nikaweka spoki."

Mamère aliuelekeza upinde chini. Kabla hajagusa kifyatulio, kamba ilijifyatua, mshale ukazama ardhini hadi kwenye manyoya.

Papa Mushagalusa alisogea. Apolline alingoja kofi, lakini baba aliiomba kufuli, akachomoa spoki iliyopinda, kisha akaigeuzageuza kufuli kwa muda mrefu. "Miaka makumi mbili nafua chuma," alisema polepole, "sijaonaka kazi ya namna hii."

Siku tatu baba na binti walichonga njiti mpya, wakiipima na kuipunguza hadi ikajaa tundu. Alhamisi mamère aliijaribu. Alivuta kamba, kufuli ikatulia. Aligusa kwa kidole kimoja, na mshale ukapasua gunia katikati.

Baba alimshika bega. "Ulikosa kwa kufungua kitu cha wenyewe bila kuomba," alisema, "na ulikosa zaidi kwa kuficha. Lakini ulisema wakati Camille angali muzima. Njiti tunaweza kutengeneza ingine. Mutoto wa watu, hapana."