Mikono Inayomgeuza Mzee Ogeto

Saa sita mchana Beverlyne alimlaza Mzee Ogeto akielekea dirishani. Saa nane aliporudi na beseni, mzee alikuwa ameelekea ukutani, mto katikati ya magoti, visigino vimeinuliwa visiguse godoro. Kazi safi, ya mtu aliyesomea. Ila Mzee Ogeto hajajigeuza tangu kiharusi kimpige, na muuguzi zamu hiyo alikuwa mmoja tu.

Tangazo la kazi lilitaka stashahada ya uuguzi, leseni na uzoefu wa miaka miwili. Halikusema kazi ya wauguzi watatu itafanywa na mtu mmoja. Makao yenyewe yako juu ya Nyamache, katikati ya mashamba ya majani chai: wazee sita wasioweza kujigeuza, na kila baada ya saa mbili lazima wageuzwe wasitoke vidonda. Metroni Eucabeth alimwajiri Beverlyne, akachukua vyeti vyake halisi ati vikae salama, akavifungia kwenye kabati la chuma. Hebu mtu aniambie, nani hufungia cheti cha mwenzake kama si yule anayejua kwamba mwenyewe akikipata ataondoka?

Jumatatu Beverlyne alikuwa na usaili mjini Kisii, nafasi za kutunza wazee ng'ambo. Bila vyeti halisi, asijisumbue kwenda. Alipoviomba, Eucabeth alimkumbusha mkataba, akaongeza kwamba aliyemtangulia hakuwa na kelele.

"Alienda wapi?"

"Fanya kazi, msichana wangu."

Kwenye daftari la zamu, chini ya mwandiko wake, palikuwa na mstari asiouandika: saa nane, amegeuzwa. Wino ulikuwa mbichi. Chumba kilinuka klorini na udongo uliotoka kuchimbwa.

Alimwinamia mzee. "Tata, nani amekugeuza?"

"Nyakerario."

Ndiye aliyemtangulia Beverlyne. Alianguka akafa hapo kando ya kitanda, mzee akanong'ona, mwaka jana, wiki ya tatu bila mtu wa kumpokea zamu. Walimzika kwao Ogembo. Mama yake alikuja mara mbili kuomba vyeti vya marehemu, mara mbili akaambiwa ofisi imefungwa.

"Muuguzi mzuri," mzee akasema. "Ila mikono yake ni baridi, mwanangu."

Kumbe Eucabeth alijua. Muuguzi mmoja alitosha kwa sababu wa pili hali, halali, wala haombi likizo.

Jumamosi metroni, Msabato, alienda kanisani na funguo mkobani. Mchana ukungu ulishuka mpaka madirishani, ndege wakanyamaza, na Beverlyne, aliyesimama mbele ya kabati na bisibisi ya fundi, akasikia viatu vya mpira vikija polepole kwenye korido, vikisimama kitanda cha kwanza, godoro likilia, vikisimama cha pili, godoro likilia, mpaka cha sita, kisha vikaja nyuma yake na ile harufu ya udongo, na pumzi isiyo na joto ikamgusa shingo.

"Siwezi kuwaacha wagonjwa bila mtu," sauti ikasema, ya uchovu tu, haina ukali. "Pokea zamu. Kabati litafunguka."

Kila muuguzi hufundishwa hivyo: huondoki mpaka mwenzako atie sahihi. Daftari lilikuwa wazi mezani. Anayekabidhi: Nyakerario. Anayepokea: patupu. Beverlyne alimwonea huruma. Sahihi moja, marehemu apumzike, naye akafanye usaili wake. Akatia.

Kufuli lilianguka lenyewe. Alinyakua bahasha ya kaki, ya kwanza iliyomjia mkononi, akakimbia hadi langoni, akaifungua huku akihema.

Cheti kilikuwa na jina la Nyakerario.

Alirudi mbio. Kabati lilikuwa limefungwa, kufuli mahali pake, kama halijaguswa. Bahasha aliyoishika ikalegea mkononi; alipoitazama, ilikuwa tupu. Mwenye vyeti alikuwa ameondoka navyo; vya Beverlyne vilibaki kabatini.

Kengele ya Mzee Ogeto ikalia. Saa nane. Angeweza kutoka bila vyeti, apotelee mbali. Alijiambia hivyo, huku miguu yake ikiwa imeshashika njia ya korido.

Alinawa kwa maji ya moto, akasugua viganja mpaka vikawa vyekundu. Akamshika mzee begani. Mzee akashtuka.

"Nyakerario?"

"Hapana, Tata. Ni mimi, Beverlyne."

Mzee alivitazama vile viganja vyekundu.

"Basi," akasema, "mbona mikono ni ileile?"