Sauti Yangu Iliwaambia Wanywe

Nilikuwa ofisini kwangu, ofisi ya Waziri wa Afya, nilipojiona kwenye televisheni nikiwaambia watu wa mtaa wa Bondeni wanywe maji ya bomba.

"Maji haya ni salama. Kunywa bila wasiwasi."

Uso wangu. Sauti yangu. Koti langu jeupe. Nikanyanyua glasi, nikanywa, nikatabasamu.

Ndugu zangu, mimi sikuwa nimesema hivyo. Tangu jana yake nilikuwa na majibu ya maabara: maji ya Bondeni yana kipindupindu.

Naomba mnisikilize mpaka mwisho...

Mimi ni daktari wa watoto. Wengi mlinijua kwenye kipindi cha afya cha asubuhi, nikiwa na shoga yangu mtangazaji. Mkanibandika jina, Daktari wa Chai, maana mlinitazama mkinywa chai. Mama mmoja aliwahi kunishika mkono sokoni akaniambia, "Daktari, wewe ukisema, mimi siulizi tena." Nikafurahi kama mjinga.

Nilipoteuliwa kuwa waziri, wauguzi wa wodini kwangu walinibeba juu juu. Mume wangu alitokwa machozi. Mimi nikawaza, nilikuwa natibu mmoja mmoja, sasa nitatibu nchi nzima.

Yale majibu nilimpelekea Katibu Mkuu wa wizara siku ile ile.

"Mheshimiwa, tuvute subira," akasema. "Mji umejaa wageni wa mkutano. Wakiondoka, tutatangaza."

"Wakiondoka tutatangaza vifo. Mimi kesho naita waandishi."

"Sawa, mheshimiwa. Umesikika."

Hakubisha tena. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu kila kitu, nikalala hoi. Kumbe usiku ule ule, mimi nimelala, televisheni zilianza kunionyesha.

Nilipoiona ile picha asubuhi, niliitambua. Ilikuwa picha ya zamani, kipindi cha kufundisha kuchemsha maji. Sentensi yangu ilikuwa hivi: "Maji haya ni salama, kunywa bila wasiwasi, kwa sababu tumeyachemsha."

Mtu alikuwa ameikata mkia.

Nikampigia mtangazaji. Nani mwingine angekuwa na picha ile?

"Umeniuza," nikamwambia.

"Shoga, nisikilize kwanza..."

"Umeuza mtaa mzima. Usinipigie tena."

Nikakata.

Nikaandika kwenye ukurasa wangu: MAJI YA BONDENI SI SALAMA, MSINYWE. Haikupita muda wizara ikatoa taarifa kwamba ukurasa wa waziri umedukuliwa. Watu wakaanza kunitukana mimi mwenyewe chini ya jina langu. "Mwizi wewe, daktari yuko kwenye TV anakunywa hayo maji."

Waandishi niliowaita walizuiwa getini. Dereva wangu alikuwa ameondolewa. Niliwapigia wakubwa, simu zikaita mpaka zikachoka.

Kisha ikaingia simu ya mdogo wangu wa kike. Yeye ni fundi cherehani, anaishi Bondeni na binti yake.

"Dada, mtoto anaharisha maji matupu. Macho yameingia ndani."



"Amekunywa maji gani?"

"Ya bomba. Si unajua huwa nachemsha? Jana usiku nikakuona unasema hayana shida. Nikasema afadhali, nipumzishe jiko..."

Nilikata simu, nikatoka mbio.

Nilipanda pikipiki mpaka zahanati ya Bondeni. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi barazani, ndoo pembeni. Mtoto alikuwa kwenye benchi, analia bila machozi. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Nilitafuta mshipa mkono huu, nikakosa. Mkono wa pili, nikakosa. Mdogo wangu amekaa sakafuni ananitazama tu.

Mshipa niliupata mguuni. Dripu ikaanza kushuka.

Nje, watu walikuwa bado wanakinga maji. Nikaenda kusimama mbele ya bomba.

"Msinywe haya maji. Yana kipindupindu."

"Wewe nani?" mwanamke mmoja akauliza.

"Mimi ndiye daktari. Wa kwenye televisheni."

Wakanitazama. Nywele timutimu, blauzi imechafuka matapishi.

"Daktari tumemuona kwa macho yetu. Hebu tupishe, mama."

Wakanisukuma. Nikarudi, wakanisukuma tena. Jamani... nilishindana na uso wangu mwenyewe, nikashindwa.

Aliyewasimamisha ni mdogo wangu. Alitoka zahanati akishika ukuta.

"Ni dada yangu huyo," akasema. "Mnanijua, nawashonea nyinyi na watoto wenu. Mwanangu yuko ndani na dripu kwa maji haya haya. Mwageni."

Yeye walimwamini. Ndoo moja ikamwagwa, kisha nyingine.

Mdogo wangu akakaa chini taratibu.

"Nimechoka tu, dada."

Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi, vidole vimekunjamana kama aliyefua kutwa. Alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Hakuniambia, alitaka benchi libaki la mtoto.

Niliweka dripu mbili. Nilimsugua miguu. Nilimwita jina la utotoni.

Alikata roho mikononi mwangu kabla jua halijazama.

Mtangazaji alinikuta koridoni pale zahanati. Alikuwa amevimba macho.

"Sikuja kukulaumu," akasema. "Waliniletea kile kipande nikirushe kwenye taarifa ya habari. Nikakataa, wakanitoa studio. Nilitaka kukwambia, ukakata simu."

"Kama si wewe, nani?"

Akainamisha kichwa.

"Ilikuja kwenye flashi. Mhariri aliniambia ilitoka nyumbani kwako."

Nyumbani kwangu kulikuwa na mtu mmoja tu aliyehifadhi vipindi vyangu vyote.

Nilimkuta sebuleni. Hakukana.

"Katibu Mkuu alinipigia," mume wangu akasema. "Walikuwa wanakutoa uwaziri kama ungetangaza. Nilikuokoa."

"Ulijua yana kipindupindu. Nilikwambia mwenyewe."

"Nilijua."

"Na ulijua mdogo wangu anakaa wapi."

Akafunika uso kwa viganja.

"Nilidhani anachemsha. Si wewe uliyemfundisha?"

Sikupiga kelele. Nilichukua nguo zangu, nikachukua na flashi yenye kile kipindi kizima.

Kesho yake nilikaa na shoga yangu mbele ya simu yake, tukarusha mtandaoni picha nzima, na mkia wake. Mabomba ya Bondeni yakafungwa. Mimi nikajiuzulu, na Katibu Mkuu yupo mpaka leo. Waliokwisha kunywa walikuwa wamekwisha kunywa.

Mtoto alipona, anaishi nami. Kila siku anamuulizia baba mkubwa wake, yule mume wangu, aliyekuwa akicheza naye karata. Namwambia kasafiri.

Ndugu zangu, nilidhani wamenipa kiti kwa sababu ya udaktari wangu. Walichotaka ni ile imani yenu kwangu, waishike wao. Ukiona mtu anapewa cheo kwa kuwa watu wanamwamini, muulize nani ameshika sauti yake. Na wewe unayemwamini mtu, akikwambia acha kujilinda, usiache. Hata kama ni dada yako wa damu.