Saksafoni ya Fransis

Kabati la kioo lilikuwa limefunguliwa kwa bisibisi, taratibu, bila kukwaruza mbao. Nafasi moja tu ndiyo iliyokuwa wazi.

"Wameniua, Inspekta!" alilia Mzee Kamugisha, mwenye nyumba hii ya Mbezi Beach. "Wa vyuma chakavu wakiipata kabla yetu, wataiyeyusha leo hii hii."

Inspekta Demetria alikuwa ameduwaa. Jamani, mzee huyu kakusanya! Saksafoni za fedha, za shaba, zilizochorwa maua kwa mkono, alizozifuata hadi Mombasa na Lubumbashi, na kila moja anaisugua mwenyewe. Ukiziona unatamani uvue viatu.

"Iliyoibwa ni ipi?"

"Ya bendi ya marehemu Fransis. Imebabuka rangi, kitufe kimoja kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini sauti yake! Nikiwa kijana niliisikia redioni nikasahau kula."

Koplo Wilbert aliinua kichwa kutoka kabatini. "Alama za vidole ni vurugu tupu, afande. Jana mzee alikaribisha wageni kuja kutazama."

"Wa chuma angebeba zote," Demetria alisema. "Wa kuuza angebeba za fedha. Huyu kabeba mbovu. Na hiki je?"

Kipande cha kupulizia kilikuwa kimeachwa kwenye kitambaa, kimelazwa vizuri.

"Hicho nilikinunua mimi," alisema Kamugisha. "Ilikuja bila chake."

Demetria akatabasamu. Baba yake mdogo aliwahi kupiga saksafoni kwenye bendi, akamweleza utaratibu wao. Chombo ni cha mwenye bendi, kile kipande ni cha mpigaji, kinalala mfukoni mwake. Siku ya kuacha kazi unarudisha chombo, kipande chako unaondoka nacho.

"Nani alikuwa akiipuliza?"

"Fransis. Kibandiko hicho hapo, soma."

"Fransis alikuwa mwenye bendi. Nauliza mpulizaji."

Kamugisha alisita. "Kuna mzee wa Temeke, Nurdin. Jana alikuja na wageni akidai jina libadilishwe, eti aliyepiga ni yeye. Akaomba aipulize nimsikie. Nikamwambia porojo hizo nimezizoea."

Demetria alikibandua kibandiko, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo. "Twende Temeke."

Waliisikia saksafoni kabla ya kuiona nyumba ya Nurdin. Kwenye bomba la maji akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao, kimya. Kamugisha alimshika koplo mkono.

"Pale! Pale anapokata pumzi! Ndiyo ile ya redioni!"

Uani, mzee mwembamba alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho kayafumba.

"Shikamoo, mzee," alisema Demetria.

"Marahaba. Nilijua mtakuja. Sijaificha."

"Uliichukua wewe?"

"Mie mwenyewe. Wageni wanakunywa chai, nikafungua kabati, nikaitia kwenye kikapu."

"Kwa nini?"

"Fransis hakuweza kupuliza hata filimbi!" Nurdin alifoka. "Sifa zangu alizichukua yeye, nikanyamaza kwa kuwa alikuwa akitulisha. Ndiyo anichukulie jina hata kabatini, nami ningali hai? Wajukuu wangu wananicheka nikisema nilikuwa mpigaji. Nilitaka isikike kabla pumzi haijaniishia."

Akakichomoa kipande cha kupulizia. Juu yake kulikuwa na vishimo viwili, pale meno yake yalipokaa miaka yote.

Kwa Demetria, kazi ni kazi. "Wizi ni wizi, mzee. Itabidi twende kituoni."

"Kwa malalamiko ya nani?" Kamugisha aliuliza, machozi yakimtiririka. "Mie sina malalamiko tena. Nimehangaika nchi nzima kuitafuta sauti hii, imekuja mlangoni kwangu nikaifukuza. Nisamehe, kaka Nurdin. Tafadhali, ipulize tena."

Nurdin aliikumbatia saksafoni kifuani.

"Jina kwanza," alisema.

Demetria alifungua bahasha akatoa kibandiko. Kamugisha alipiga magoti palepale uani, akaomba kalamu ya koplo, akalikata jina la Fransis, akaandika Nurdin kwa herufi kubwa. Nurdin alilisoma jina lake mara mbili. Kisha akarudisha kipande mahali pake, na Demetria akavuta kigoda kingine akaketi.