Glasi ya Marehemu Zivan

Katika kijiji chetu, huku eneo la Banati, mfiwa huweka glasi ya maji dirishani kwa siku arobaini, ili marehemu asione kiu. Desanka alimwekea mumewe, Zivan, na kila kulipokucha aliyabadilisha maji hayo.

Asubuhi moja aliyakuta yamegeuka njano. Ndani ya glasi, chini kabisa, mlikuwa na kitu laini, kinachotikisika kama jicho la samaki.

"Njoo uone, mkwe wangu," aliita kwa sauti ya chini. "Mzee amerudi."

Radojka alikuja na mtoto begani. Vukan, mwenye umri wa miezi minne, alikuwa akiharisha tangu jana, na kilio chake kilikuwa kimefifia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake, si glasi.

"Mama, mzee alipokuwa hai hakuwahi kuamka mapema hivi."

"Cheka tu. Na kule chini je? Nani kalifungulia chujio?"

Wakatega sikio. Chujio la maji ya kunywa lililokaa chini ya nyumba, karibu na mapipa ya kabichi ya kuchachusha, lilizoea kudondosha maji tone kwa tone. Sasa lilivuma, kama mtu anong'onaye bila kuvuta pumzi. Hata mbwa alikuwa amelikimbia bakuli lake.

Radojka alimwita jirani yao Ildiko, mkemia aliyewatengenezea chujio hilo. Ildiko alimtazama mtoto kwanza.

"Huyu zahanati, sasa hivi! Mizimu itasubiri."

Waliporudi na dawa ya kurudisha maji mwilini, Ildiko alishuka, akalifungua chujio. Utando wake ulikuwa umevimba. Alipougusa, ulimeguka vidoleni.

"Shangazi Desanka, uliuosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji ya chumvi ya pipa la kabichi. Yanasafisha kila kitu! Mama yangu aliosha hata vidonda."

"Basi wewe ndiye uliyemfungulia mzee mlango. Kile kilichomo kwenye glasi ni utando wenyewe."

Akawaeleza. "Utando huu ni jeli: unga wa mwani ulioshikwa na kalsiamu. Kalsiamu ni kama mafundo ya wavu. Ikipungua, matundu hupanuka. Maji hukimbia, na uchafu hupita nayo. Ikizidi, matundu hubana, nanyi mtakufa kiu mkingojea tone. Nilipima kiasi cha katikati. Chumvi yako imeiondoa kalsiamu, ikayafungua mafundo."

"Nami nilifurahi kuona maji yanakimbia," Radojka akasema polepole. "Yakaingia kwenye maziwa ya unga ya mtoto bila kuchemshwa."

"Kwa hiyo mimi mjukuu wangu nime..." Desanka hakumaliza.

Ildiko aliweka utando mpya. "Suuzeni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Yakianza kukimbia ghafla, msifurahi, fungeni, mniite. Na ya mtoto yachujwe, kisha yachemshwe. Sheria haina msamaha."

Tone likarudi. Tone, kimya, tone. Siku chache baadaye Vukan alilia kwa nguvu hadi mbwa akabweka.

Asubuhi hiyo glasi ilikuwa safi kabisa. Lakini maji yalikuwa yamepungua, upana wa kidole.

"Yamekaushwa na joto la jiko," alisema Radojka.

Desanka aliijaza tena, kwa maji yaliyochujwa na kuchemshwa.